Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Huduma kwa Wazee Wasiojiweza, Moshi

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama, na ninyi mliopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa sikukuu, karibuni nyumbani.

Kwa mujibu wa katiba nawasilisha taarifa ya mwaka ulioanza Desemba 2023 na kuishia 30 Novemba 2024. Mnayoyafahamu nitayapitia haraka. Tumetembelea wagonjwa. Tumewazika wenzetu watatu, Mungu azilaze roho zao mahali pema. Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba, tuliiadhimisha. Kaya kadhaa zimejiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Vitambulisho vya matibabu bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi vimepatikana kwa wengi waliokuwa wakisubiri, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mimi na katibu ndio tuliofuatilia ustawi wa jamii mpaka majina yakapita. Semina ya Juni ilifanyika, picha ziko kwa katibu.

Hesabu ni hizi. Bakaa ya mwaka jana 1,410,000, ada 4,735,000, michango ya watoto walio nje ya mkoa 6,350,000, jumla 12,495,000. Matumizi: wahudumu watatu pamoja na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 4,752,000, vifaa 2,940,000, mafunzo 640,000, usafiri 780,000, mikutano na shajala 515,000, jumla 9,627,000. Bakaa ni 2,868,000. Mweka hazina ana stakabadhi zote, na anayetaka kuziona azione leo hapa hapa, kuliko kuzisikia msibani.

Sasa nije kwenye uamuzi wa Machi, kwa sababu umesemwa sana na kamati haijapewa nafasi ya kujieleza. Tuliajiri wahudumu watatu wa kwenda majumbani kuanzia Aprili, na tukaamua saa zao zigawiwe kwa kipimo cha hali ya mzee. Hatukugawa sawa kwa kila kaya, wala kwa umri, wala kwa anayelipa ada vizuri. Kaya 31 ziliomba. Zilizopata ni 12, zilizokosa 19, na lawama zote zimeniangukia mimi.

Naomba tupige hesabu pamoja. Mhudumu mmoja kisheria hazidi saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukitoa njia za kwenda na kurudi, Pasua asubuhi na Rau mchana, na kipindi cha masika ambapo bodaboda hazipandi baadhi ya vilima, zinabaki saa 35 za kazi nyumbani. Watatu ni saa 105. Gawa kwa kaya 31: kila kaya inapata saa tatu na dakika chache kwa wiki. Kumwogesha mzee aliyepooza upande mmoja, kumbadilisha shuka, kukagua ngozi, kumkalisha na kumlisha kunachukua saa mbili zikifanywa kwa utaratibu. Kwa mgao wa sawa angeogeshwa na mhudumu mara moja kwa wiki, na siku sita zilizobaki mkewe wa miaka 70 na kitu amgeuze peke yake. Huo si msaada.

Kipimo tulichotumia hatukukitunga sisi. Ni cha daktari Mmarekani Sidney Katz, kilichapishwa 1963, na hospitali nyingi duniani zinakitumia. Kina mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Kila jambo ambalo mzee hawezi bila msaada wa mtu linahesabiwa. Wazee 7 walishindwa manne au zaidi, wakapewa saa 10 kwa wiki, yaani asubuhi tano za saa mbili. Wazee 5 walishindwa matatu, wakapewa saa 7 kwa wiki, katika siku mbili. Chini ya hapo, kwa mwaka huu, hapana.

Wako waliosema kipimo kiliwapendelea wazee "wazima" ambao wanaonekana wakitembea barabarani. Wanaosemwa ni wenye ugonjwa wa kusahau. Msaada katika kipimo hiki si kushikwa mkono peke yake. Kusimamiwa na kuelekezwa pia ni msaada. Mzee ambaye mikono yake ina nguvu lakini lazima aambiwe sasa vua shati, sasa chukua sabuni, na asipoambiwa anasimama tu na ndoo, huyo hawezi kuoga. Na anayemwangalia hawezi hata kwenda gengeni, maana akirudi atakuta mzee ameshafika stendi. Utafiti uliofanyika hapa jirani wilayani Hai, uliochapishwa 2013, ulikuta ugonjwa huu kwa wazee kama 6 katika kila 100 wa miaka 70 na zaidi. Wamo majumbani mwetu, ila tunasema ni uzee tu.

Wengine wamesema umri utoshe: mama ana miaka 91, kwa nini amepitwa na baba wa 68? Mama huyo, Mungu ampe maisha, anakwenda kisimani na anajipikia mtori. Baba wa 68 alipata kiharusi na hawezi kujigeuza kitandani. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, damu haifiki kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, na kidonda kinaanzia ndani kabla hakijaonekana nje. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Gusa juu ya makalio, nyonga na visigino: pakiwa pa moto kuliko pembeni, pagumu au pamevimba, au peusi zaidi, kimeshaanza. Usipasugue. Mwondolee uzito hapo, weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie, na shuka lisilale na mkojo. Kidonda kikishafika kwenye mfupa, gharama yake inazidi mishahara yote niliyoisoma hapo juu.

La tatu ndilo kali: kwa nini fedha zisigawiwe kwa familia, na kwa nini kamati ilikataa kumlipa ndugu anayeuguza? Nitajibu bila kuzunguka. Tulishawahi kugawa fedha taslimu. Zilikwenda kwenye dawa na ada za shule, mahitaji ya kweli kabisa, lakini anayemwogesha mzee hakupata hata saa moja ya kupumzika. Na tunamjua ni nani. Kwa mila yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na kazi ya kuuguza inamwangukia mke wake, au mjukuu wa kike anayeitwa nyumbani akiacha masomo. Kazi hiyo haina mshahara wala likizo, na hakuna anayeihesabu mpaka yeye mwenyewe aumwe kiuno. Saa za mhudumu ni zake huyo: alale, aende kliniki, aende sokoni Kiboriloni akauze ndizi zake. Tungemlipa kama mwajiriwa, angebaki palepale bila kupumzika, na kamati isingekuwa na namna ya kujua saa zilizofanyika. Ndiyo maana pia mhudumu hapangiwi nyumba ya ndugu yake.

Kuhusu mshahara wa 180,000 ulioitwa anasa: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 120,000 kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala. Hawa watatu wanabeba watu wazima. Wanakatwa asilimia 10 ya NSSF, nasi tunaongeza asilimia 10. Wana siku nzima ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Niseme wazi kwa wanachama wenye madada wa kazi: binti uliyemwajiri kupika na kuangalia watoto, ukimwongezea mzee wa kugeuza usiku, umempa kazi ya pili. Mlipe, na mpe usiku wa kulala. Anayelala kwa saa tatu tu usiku ndiye anayemwangusha mzee.

Wahudumu wametukuta tukikosea mambo yale yale nyumba kwa nyumba. Tunamnyanyua mzee kwa kumshika makwapani. Bega la upande uliopooza linaweza kuchomoka, na maumivu hayo hayaishi upesi. Fungeni kanga imara kiunoni mumshike hapo, kiti kikae upande wake wenye nguvu. Kumvalisha, anzeni na mkono mgonjwa. Kumvua, anzeni na mzima. Tunamlisha amelala, na tunampa chai nyepesi aliyepaliwa tangu kiharusi. Kinywaji chepesi kinakimbia kuliko koo lake linavyoweza kujifunga. Mtori mzito unamfaa zaidi, akiwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Sauti ikiwa kama ina maji baada ya kumeza, acheni, apelekwe akaangaliwe.

Vifaa. Viti vya choo tulitengenezesha kwa fundi wa kuchomelea, vya bomba la chuma, kimo sentimita 45, vyenye mikono. Kiti cha plastiki kilichotobolewa kinapanua miguu kwenye saruji yenye maji na kuvunjika, na mzee anaanguka nacho. Viti vya magurudumu viko vinne na vinaazimwa bure, lakini vinarudi bila upepo. Breki yake inabana kwenye tairi. Tairi likilegea breki haishiki, na kiti kinateleza mzee akijaribu kusimama. Jazeni upepo kila wiki. Viwili havijarudi ingawa waliokuwa wakivitumia wameshatangulia mbele za haki. Naomba familia hizo zivirudishe bila kusubiri kutajwa.

Sasa mahudhurio na ada, na hapa nina uchungu. Tuko 142. Akidi ni 71. Mikutano mitatu ya robo mwaka haikuifikia hata mmoja, na wanaolalamikia uamuzi wa Machi wengi wao hawakuwepo Machi. Mkutano huu tumeuweka wiki ya sikukuu makusudi, na bado tunagawana watu na harusi na vipaimara. Ada ni 5,000 kwa mwezi. Tulipaswa kukusanya 8,520,000, tunadaiwa 3,785,000. Wahudumu wanagharimu 594,000 kwa mwezi. Bakaa iliyopo haitoshi miezi mitano. Madeni yakilipwa yote, tunafika miezi kumi na moja. Bima haimlipi mtu wa kumgeuza mzee nyumbani, dirisha la wazee hospitalini halimlipi, na pensheni kwa kila mzee ambayo wenzetu wa Zanzibar walianza 2016 kwa wenye miaka 70, huku bara hatuna. Ni sisi.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, fedha zikiruhusu, kuongeza mhudumu wa nne, kuwafikia walioshindwa mawili kwenye kipimo, na kuzungumza na halmashauri kuhusu chumba ambamo wazee wenye ugonjwa wa kusahau watashinda mchana. Upimaji wa wazee wote utarudiwa Februari, wakiwemo wa kaya 19 zilizokosa, kwa sababu hali ya mzee hubadilika. Kipimo hakitabadilika, isipokuwa mkutano huu uamue hivyo kwa kura kwenye ajenda namba 6.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Moshi, 28 Desemba 2024