Barua kwa mwanangu: kabla hujamjibu mumeo

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Unasema mumeo anataka ndoa ya wazi: kila mmoja awe huru kupenda na mtu mwingine, pasipo kufichana, halafu mbaki mke na mume kama kawaida. Unasema umemwomba muda wa kufikiri. Kisha mwishoni ukashusha sauti: "Mama, nikikataa ataniacha." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi, mama, kuliko hiyo ndoa ya wazi yenyewe.

Sitamtukana mumeo. Anachokisema kipo, kina jina, wanakiita poliamori, na wapo watu wazima wanaoishi hivyo kwa heshima. Somerville, mji ulio jirani na Boston kule Marekani, mwaka 2020 ulipitisha utaratibu wa kuwaandikisha wenza hata wakizidi wawili, na mwaka uliofuata Cambridge nayo ikafanya hivyo. Lakini hata hiyo si ndoa. Hakuna jimbo la Marekani linalofungisha ndoa ya watu watatu. Wamepewa karatasi ya mji inayowatambua, maana mapenzi yakivunjika ndipo mtu anapoulizwa, "Wewe ni nani hapa?"

Wewe na mwenzio hamna karatasi kama hiyo. Na usikubali akuambie kwamba ni uke wenza wa kisasa. Mke mwenza anajulikana, ameolewa, na Sheria ya Ndoa ya hapa Tanzania ya mwaka 1971 inasema wake wote wana hadhi sawa na haki sawa. Ninyi mlifunga kanisani. Ndoa hiyo haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo, hata mkienda kwa hakimu mmeshikana mikono. Na mwanamke aliyeolewa haruhusiwi kabisa kufunga ndoa nyingine. Kwa hiyo huyo mtu wa tatu, awe wa kwake au wa kwako, mbele ya sheria yetu hana kiti.

Unajua nimekaa miaka kwenye baraza la usuluhishi la kata. Ndoa ikifika kuvunjwa, kwa kawaida lazima ipite kwanza barazani, tushindwe, tuandike kwamba tumeshindwa, ndipo mahakama ipokee shauri. Mahakama nayo inatafuta ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni, yaani kutembea na mtu nje ya ndoa, ni ushahidi mmojawapo, hasa ukiendelea huku mwenzako analalamika. Sasa wewe uliyekubali utalalamika nini? Hata ukitaka kumdai fidia ya ugoni huyo mpenzi wa mumeo, shauri linatupwa ikionekana uliridhia. Na siku mapenzi yakichacha, yeye anaweza kusimama akasema mgoni ni wewe. Mlikubaliana chumbani, shahidi utamtoa wapi?

Halafu kuna nyumba ya Kibaha. Kiwanja kina jina lake peke yake, nalijua hilo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kanuni hiyo imewasaidia wanawake wengi, ingawa Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa. Lakini mchango unathibitishwa, mwanangu. Alikuja mama mmoja barazani kwetu na daftari la shule lililochakaa jalada. Ndani kila mfuko wa saruji ulikuwa na tarehe yake, kila nondo, kila posho ya fundi, na fundi ameweka sahihi pembeni. Mumewe alikuwa akiongea bila kupumua. Lilipofunguliwa lile daftari alinyamaza, tukaanza kuzungumza kama watu. Mkifungua ndoa, fedha nazo zitafunguka: kodi ya chumba cha huyo mwingine, matibabu yake, zawadi zake, pengine na mtoto. Zote zitatoka kwenye mfuko uleule unaolipa ada za wajukuu wangu.

Nakuomba umuulize mambo mawili, na umuulize ukimtazama usoni. La kwanza, je, huyo mtu tayari yupo? Maana nimeona wanaume wanaoomba ruhusa ya jambo walilokwisha kulianza, na hapo hujaulizwa kitu, umetangaziwa. La pili, Jumamosi usiku wewe ukijipamba uende kwa mpenzi wako mwingine, yeye atabaki awalaze watoto, na ukirudi asubuhi akupokee kwa moyo mweupe? Akisita hapo, basi anayetaka uhuru ni mmoja.

Ikiwa majibu yake ni safi, na wewe mwenyewe moyoni unayataka maisha hayo, nitaumia sana, siwezi kukuficha, maana niliapa nawe mbele ya madhabahu kwa namna ya mama. Lakini nitabaki mama yako na mlango wangu ni huohuo. Ila kama unakubali kwa kuogopa kuachwa, kataa. Kukubali kwa hofu kutakufanya uhesabu dakika kila akichelewa, na mwisho utaachwa vilevile, ukiwa umekwisha.

Na usiiogope talaka kana kwamba ni kaburi. Kupika, kulea na mshahara wako vyote ni mchango. Mtoto wako wa mwisho bado hajafikisha miaka saba, na kwa mtoto wa umri huo sheria inaanza kwa kudhani kwamba ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo. Mimi na baba yako bado tuna nguvu.

Usimjibu kwa simu wala usisaini chochote. Ijumaa pandeni basi mje Morogoro, wewe na watoto. Njoo na nakala ya hati ya mauziano ya kiwanja na zile karatasi za mkopo wako wa saruji. Mumeo mwambie wazi unakuja kwangu na kwa nini.

Mama yako.