Kabla ya kumsemea mlemavu, muulizeni mjomba wangu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na unisamehe nikipitiliza. Huku Newala tumemaliza kupulizia mikorosho dawa ya salfa, korosho bado hazijaanza kudondoka, kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo.

Mlipochapa picha ya yule tembo wa Thailand mwenye mguu wa bandia, msomaji wenu mmoja aliandika kwamba hiyo ni dhihaka: binadamu wanatambaa barabarani halafu mnyama anachongewa mguu. Barua ile ilisomwa kwa sauti kwenye kibanda cha kahawa hapa kijijini. Watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi.

Nina mbwa jike anaitwa Hayawahusu, naye anavaa mguu wa bandia. Jina alimpa marehemu mume wangu, na lilikuwa salamu kwa majirani kuliko kuwa jina la mbwa. Analala shambani chini ya dungu. Kazi yake ni kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo na, msimu ukifika, kuwabwekea wanaookota korosho zisizo zao. Mimi ni Mwislamu, hukumu ya mate yake naijua na maji ninayo, hata kama Newala maji ni ya kununua. Asije mtu akaniandikia na hilo.

Mwezi wa pili alipotea siku mbili. Nilimkuta kwenye tanzi, mpakani mwa shamba langu na pori. Waya wa matanzi haya haununuliwi dukani. Watu wanachoma tairi kuukuu, mpira ukiisha wanabaki na nyuzi za chuma, wanazisokota. Ni mwembamba na haukatiki kwa meno. Ulikuwa umemkaba mguu wa mbele wa kushoto, juu kidogo ya wayo. Kila alipovuta ulikaza, na ukikaza damu haipiti. Nilipoukata kwa koleo wayo ulikuwa wa baridi kama samaki wa jana, harufu imeshaanza. Hakuning'ata. Alikuwa anaangalia tu mkono wangu unafanya nini.

Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki, mafuta nikalipa mimi. Akasema mguu hauponi, na kwamba ataukatia begani, maana mbwa akiachiwa kigutu atakiburuza chini, kitachubuka, na vidonda havitaisha. Hakusema vibaya, ndivyo wanavyofanya wengi. Ila mjomba wangu alikuwa amesimama pale.

Mjomba alikanyaga bomu la ardhini mwaka 1973, akiwa kijana, alipovuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zetu upande wa pili. Vita vya Wareno na Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, vilikuwa bado vinaendelea. Msumbiji ilitangazwa kuwa imeyasafisha mabomu hayo mwaka 2015, miaka 42 baada ya mguu wake. Kwa muda mrefu alitembelea gongo alilojichongea, maana ni mchonga vinyago, hadi alipofika hospitali ya KCMC, Moshi, akapimwa na kutengenezewa mguu wa kweli.

"Bwana mdogo," alimwambia bwana mifugo, "usiende begani. Mimi walinikata chini ya goti, na hilo goti ndilo linalonipeleka shamba. Wangelichukua, leo ningekuwa mtu wa kuletewa uji."

Wakabishana kidogo. Bwana mifugo, namshukuru, alikuwa msikivu. Akatueleza kwamba katika kila kilo 10 za mbwa, kama 6 hivi zinabebwa na miguu ya mbele, ndiyo maana mguu wa mbele ukikosekana mzigo wote unahamia kwa mwenzake. Akampiga sindano ya usingizi, akakata chini, kiwiko kikabaki na sehemu kubwa ya muundi wa mbele. Kidonda kilichukua wiki sita kufunga.

Hayawahusu alitembea kwa miguu mitatu bila kumwomba mtu ruhusa. Ila bega la kulia lilianza kulala, na mteremko wa kwenda bondeni ukamshinda, akawa anakaa juu analia. Hapo ndipo mjomba aliposema lete bomba.

Nitaeleza kazi hii taratibu, kwa sababu pale kibandani walidhani tulitumiwa vifaa kutoka Ulaya. Mjomba alipima kigutu kwa uzi, mizunguko minne, kila mzunguko akafunga fundo. Akachonga mfano wake kwa mti wa mwembe. Mkono uliozoea mpingo, kwake mwembe ni muhogo wa kuchemsha. Akauvalisha ule mfano soksi mbili za mjukuu wangu. Kisha tukachukua kipande cha bomba la plastiki la maji, tukalipasua kwa urefu, tukalishika juu ya makaa hadi likalegea kama chapati ambayo haijaiva, tukauzungushia mfano na kufunga kwa kitambaa mpaka likapoa. Kazi hiyo ifanyieni nje, moshi wa plastiki ile ni mbaya, nilikohoa mpaka jioni. Chini tukaweka kijiti na soli ya tairi, kama katambuga. Mikanda ilitoka kwenye begi la shule lililochakaa.

Mguu wa kwanza haukufaa. Siku ya tatu nilivua nikakuta nyama imechubuka upande wa ndani, nyekundu, na soksi imeloa. Nikataka kuutupa. Mjomba akakaa kwenye kigoda, akakunja suruali, akavua mguu wake mbele yangu. Mhariri, nimemjua mjomba maisha yangu yote na sikuwahi kukiona kigutu chake. Akanionyesha mahali ngozi ilipokuwa ngumu kama kisigino, na mahali laini pasipotakiwa kuguswa. "Mpwa, ncha haibebi mtu. Mtu anabebwa na mbavu za kikombe, humu kigutu kinamoingia. Na mdomo wa kikombe ukiwa mkali, unakula nyama." Tukarudi kwenye makaa, mdomo wa bomba tukauchanua kwa nje, ndani chini tukaacha nafasi. Soksi kavu kila siku. Siku ya kwanza saa moja tu, ya pili mbili, usiku unavuliwa. Masharti yote hayo ndiyo anayoyaishi yeye, na hakuna aliyekuwa akiyajua.

Sasa nirudi kwa msomaji wenu. Yule daktari wa Thailand, Therdchai Jivacate, hakuanza na tembo. Mwaka 1992 alisaidia kuanzisha taasisi inayowatengenezea watu maskini miguu bila malipo. Tembo Mosha alipokanyaga bomu mwaka 2006, akiwa na umri wa miezi saba, ndiye aliyeitwa kwa sababu alishajua kazi hiyo kwa binadamu. Huko Marekani kulikuwa na pomboo mmoja, Winter, aliyenasa kwenye kamba ya mtego wa kaa mwaka 2005 akapoteza mkia. Mafundi waliomtengenezea mkia wa bandia walilazimika kubuni soksi laini ya jeli ya kuzuia ngozi yake isichubuke, na soksi hiyo ikaja kuvaliwa na watu waliokatwa miguu. Kwa hiyo mnyama hajamnyang'anya mtu mguu. Mkono ni uleule.

Nilimsomea mjomba barua ya msomaji. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mwandishi ametaja mguu mpya unapatikana wapi. Nikasema hapana. Akasema, "Basi hakuwa ananiandikia mimi. Wanaosema hivyo wananipita njiani kila siku, hata mmoja hajaniuliza mguu unaendeleaje."

Mguu wake una miaka tisa. Fundi alimwambia tangu mwanzo kwamba miguu ya bandia hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kwa sababu kigutu kinapungua na mpira unachoka. Kutoka hapa hadi Moshi ni siku mbili za basi, na hata Muhimbili, Dar es Salaam, ambako kwenye taasisi ya mifupa ya MOI nako wanatengeneza, si karibu kwa mtu anayengoja malipo ya korosho. Ninachoomba, Mhariri, siku nyingine mkichapa picha ya tembo au mbwa wa aina hii, ongezeni mistari mitatu chini yake: mguu wa mtu unatengenezwa wapi, bei yake, na mtu aende na karatasi gani. Picha itakuwa imemaliza kazi.

Na kwa wategaji. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, lakini sheria haitembei mashambani alfajiri. Sisemi nguruwe pori wasisumbuliwe, muhogo wangu wanaula pia. Nasema anayetega bila kurudi kutazama amelitupa tanzi, na lililotupwa halichagui: leo mbwa, kesho mtoto anayefuata embe. Aliyetega lile langu namjua, naye anajua kwamba namjua. Nimeliweka juu ya kichanja, akilitaka aje alichukue mchana.

Hayawahusu sasa anashuka bondeni. Anachechemea, na kwenye mchanga mguu unazama, hapo hutumia mitatu aliyonayo. Kipande cha tairi kilichobaki mjomba amekikata, amekipigilia chini ya kisigino cha mguu wake mwenyewe. Anasema wa mbwa umetoka vizuri zaidi.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara