Masharti yalifutwa, maneno yakabaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi, nalo ni umbali uliopo kati ya misingi iliyowekwa na waasisi wa TANU ya Tanganyika na ASP ya Zanzibar na yale ambayo Chama cha Mapinduzi, mrithi wa vyama hivyo viwili, kinayasimamia leo. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ni mwanachama wa CCM tangu ujana wangu. Siandiki kwa niaba ya chama kingine, wala sina kiongozi ninayemlenga.

Katiba ya CCM, mahali inapoeleza imani ya chama, inatamka mambo matatu: kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na kwamba Ujamaa na Kujitegemea ndiyo njia pekee ya kujenga jamii ya watu walio sawa na huru. Neno "pekee" limo na halijafutwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 3, nayo bado inaitaja nchi yetu kuwa ya kidemokrasia na ya kijamaa. Mtu mgeni akisoma maandishi hayo asubuhi, halafu jioni akasikiliza hotuba zetu za kampeni, ambazo zinaisifu sekta binafsi kuwa injini ya uchumi na kuwahakikishia wawekezaji usalama wa mitaji yao, atadhani amekutana na vyama viwili. Sisemi kwamba kuwakaribisha wawekezaji ni kosa. Ninachosema ni kwamba chama kina haki ya kubadili mawazo yake, ila hakina haki ya kuyabadili kimyakimya na kuendelea kuwaapisha wanachama wake kwa maneno yale yale ya zamani.

Nasema hivyo kwa sababu waasisi wenyewe walibadili mawazo zaidi ya mara moja, na namna walivyobadili ndiyo inayonifundisha. Wapo wanaozungumza kana kwamba Ujamaa ulikuwapo tangu Saba Saba ya mwaka 1954. Haukuwapo. Chama kilichozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kutokana na Tanganyika African Association, kilikuwa chama cha kudai uhuru, na uanachama wake ulikuwa wa Waafrika peke yao. Januari 1958 wajumbe walikutana Tabora kuamua kama chama kishiriki katika uchaguzi uliopangwa na Waingereza, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliiona kura hiyo ya mseto kuwa ni tusi, wakataka chama kisusie. Mwalimu Nyerere alisimama mbele yao na kuwashawishi washiriki, mjadala ukawa mkali, na ulipokwisha Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake. Uamuzi ule tunauita hadi leo Uamuzi wa Busara. Baada ya uhuru milango ya TANU ikafunguliwa kwa raia wa rangi zote. Katika mabadiliko hayo yote mwanachama alijua ni jambo gani limebadilika, kwa sababu gani, na ni nani aliyepinga.

Azimio la Arusha, tamko la TANU la kufuata Ujamaa na Kujitegemea, lilikwenda kwa njia hiyo hiyo, tena kwa upana zaidi. Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari, kisha likapelekwa mbele ya mkutano mkuu wa chama uliofanyika Dar es Salaam. Mwalimu aliandika kijitabu kizima cha kujibu maswali ya watu, yakiwamo maswali ya wale waliokuwa na hofu. Vijana walitembea kwa miguu kutoka pembe mbalimbali za nchi kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki njiani akitoka Arusha kuelekea Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo huo Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kwenda kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU. Unaweza kulipinga Azimio kwa hoja nyingi, lakini huwezi kusema kwamba lilipitishwa gizani.

Kiini cha Azimio, kwa maoni yangu, ni masharti ya uongozi kuliko hata kutaifishwa kwa mabenki na viwanda. Kiongozi alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yaliwashika mawaziri na wabunge, yakawashika pia watumishi wa serikali wa vyeo vya kati, pamoja na waume na wake zao.

Marehemu baba yangu alikuwa ofisa wa kilimo, na cheo chake kilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Alikuwa na nyumba moja ya vyumba vinne pale Morogoro mjini, ya udongo iliyopigwa plasta na kuezekwa mabati, aliyoijenga kidogo kidogo kwa akiba ya mshahara, na ndani yake alikuwa akikaa mpangaji, fundi wa reli, na familia yake. Nakala yake ya Azimio ninayo mpaka sasa. Jalada limepauka, pembe zimeliwa na mende, na kando ya sharti la nyumba kuna alama ya vema iliyopigwa kwa penseli. Katikati ya kurasa zimekunjwa stakabadhi za mkono ambazo fundi yule alikuwa akiandikiana na baba kila mwezi, kwa sababu baba aliamua kumuuzia nyumba ile kwa awamu badala ya kuiandika kwa jina la shemeji yake, kama alivyoshauriwa. Mama hakukubaliana naye. Alikuwa akisema kwamba nyumba ile haikuwa ubepari bali ilikuwa sare zetu za shule, na hata uzeeni hakuacha kusema hivyo.

Mama hakuwa peke yake. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi kuwaingiza wanawake katika TANU wakati wanaume wengi walikuwa bado wanaogopa kuonekana na kadi, alijiuzulu uongozi wa chama kuliko kukubali sharti hilo la nyumba. Namheshimu kwa hilo. Kwa mwanamke wa mjini asiye na pensheni wala shamba la ukoo, nyumba ya kupangisha ilikuwa kinga yake ya uzeeni, na hoja hiyo ilistahili jibu bora kuliko lililotolewa. Lakini hata yeye alijua anapinga nini, kwa kuwa sharti lilikuwa limeandikwa na linasomeka.

Nakuja sasa mwaka 1991. Februari mwaka huo Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza masharti hayo, kwa maamuzi yanayoitwa Azimio la Zanzibar. Mwanachama aliruhusiwa kuwa na mshahara zaidi ya mmoja, kununua hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni na kupangisha nyumba. Maelezo kwa wananchi yalikuja baada ya uamuzi kwisha. Baba wakati huo alikuwa amestaafu, na tulisikia habari hiyo pamoja kupitia redio, tumekaa barazani. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu, "Nani kaulizwa?", kisha akaenda kumwagilia mchicha wake.

Swali lake lina uzito zaidi ukikumbuka kwamba katika siku hizo hizo za mwanzoni mwa 1991 iliundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali, ikazunguka Bara na Visiwani kuwauliza wananchi kama wanataka mfumo wa chama kimoja uendelee au vije vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Tume ikapima hoja za wale wachache, ikaona zina nguvu, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, ikafanywa kwa mjadala wa nchi nzima. Iweje, basi, miiko ya uongozi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimtofautisha kiongozi wa TANU na tajiri wa kawaida, isipewe hata mjadala wa matawi? Katika miaka yote ya uanachama wangu sijakutana na mwanachama wa kawaida aliyewahi kuliona Azimio la Zanzibar kwa maandishi, achilia mbali kulisoma.

Najua hoja za waliolegeza masharti, na sizidharau, kwa kuwa niliishi nyakati hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilipanga foleni ya sabuni na sukari kama wenzangu, na mshahara wa mwalimu ulikuwa haumalizi wiki mbili. Mke wangu alikaanga vitumbua, nami nikafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba ya shule. Kumwambia mtumishi wa umma wa 1990 kwamba aishi kwa mshahara mmoja usiotosha kilo za unga kulikuwa kumlazimisha aibe au adanganye, na wengi tayari walikuwa wamekwisha kuandika mali kwa majina ya watoto na mashemeji. Sharti lisilotekelezeka hugeuka kuwa shule ya uongo. Kwa hiyo nakubali kwamba masharti yale yalihitaji kurekebishwa. Mwalimu mwenyewe, baada ya kung'atuka, alipata kusema kwamba alilisoma Azimio tena na tena akitafuta la kubadilisha asilione. Mimi, kwa heshima zote, naliona, nalo ni lile lile la mama.

Lakini kurekebisha ni kupunguza makali ya jambo fulani na kuweka jingine mahali pake. Kilichowekwa mahali pa masharti ya uongozi ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili. Sheria hiyo ni nzuri kwa kiasi chake. Hata hivyo swali lake ni jingine kabisa. Azimio lilimuuliza kiongozi kama anaishi kwa jasho lake. Sheria inamuuliza kama amejaza fomu. Tena ni sheria ya nchi, inayomhusu kiongozi wa umma wa chama chochote, wakati mimi nazungumzia ahadi ambayo mwanachama wa CCM huitoa kwa wanachama wenzake.

Ahadi hizo bado tunazisema. "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Na nyingine: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Nimezisema mara nyingi kiasi kwamba naweza kuzisema usingizini, na bado kila mara ninapofika kwenye hii ya rushwa nakumbuka kwamba mwaka 2000 Bunge, ambalo wabunge wake wengi mno walikuwa wa chama changu, lilipitisha marekebisho ya sheria ya uchaguzi yaliyohalalisha takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura wake. Ilibidi Mahakama Kuu, mwaka 2006, itamke kwamba takrima inavunja Katiba. Aibu ninayoiona mimi ni kwamba jambo hilo lilipaswa kukataliwa ndani ya vikao vyetu, kwa kutumia ahadi yetu wenyewe, kabla halijafika bungeni na kabla wanaharakati hawajalipeleka mahakamani.

Tarehe 5 Februari 2027 CCM inatimiza miaka 50 tangu kuzaliwa kwake, na siku hiyo hiyo Azimio la Arusha linatimiza miaka 60 tangu litangazwe. Pendekezo langu kwa viongozi wa chama ni kwamba katika maandalizi ya siku hiyo matawi yote yapelekewe maandishi mawili, Azimio la Arusha na yale maamuzi ya Zanzibar, yakiwa kamili na katika Kiswahili cha kusomeka, ili wanachama wayasome na kuyajadili. Kisha waulizwe swali la wazi: je, tunarudisha miiko ya uongozi inayolingana na wakati huu, au tunaondoa katika katiba yetu maneno tusiyoyafuata? Jibu lolote kati ya hayo mawili nitalipokea. Mimi nitapiga kura ya kurudisha miiko miwili: kwamba kiongozi wa chama, mwenzi wake na watoto wake wasifanye biashara na serikali wala halmashauri kwa muda wote anaoshika madaraka, na kwamba tamko la mali zake lisomwe mbele ya wanachama wa tawi lake, watu wanaomjua na wanaojua alikuja na nini. Nyumba ya kupangisha nitaiacha, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya Bibi Titi.

Siku tawi letu litakapoitishwa kwa kazi hiyo nitakwenda na nakala ya baba, na stakabadhi zake zikiwa ndani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Kilosa, Morogoro.