Kuunganisha kwanza, kubadili baadaye: barua kuhusu DVD za harusi

Kibokoni,
Mombasa.

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote waliomo nyumbani huko Malindi. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi.

Umeniuliza namna ya kuzihamishia kwenye kompyuta zile DVD za harusi ya dada yako, ambazo marehemu baba yako alizirekodi kwa deki ya DVD kutoka kwenye kanda za VHS, na namna ya kuyaunganisha mafaili yaliyomo ili aila yote iweze kuitazama harusi hiyo kwenye simu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu watu wengi huanza kwa kubadili, yaani kuyageuza mafaili kuwa MP4 ya simu, na kumalizia kwa kuunganisha, na mpango huo ndio unaoharibu picha na sauti. Unganisha kwanza pasi na kubadili chochote, uihifadhi nakala hiyo, kisha ubadili mara moja tu kutoka humo.

Ukiifungua diski kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Mafaili yanayoishia na VOB ndiyo yaliyobeba picha na sauti. Ya IFO yanaeleza kila rekodi inaanzia wapi na kuishia wapi. Ya BUP ni akiba ya hayo ya IFO endapo yataharibika. Faili moja la VOB haliruhusiwi kuzidi GB 1, kwa hiyo rekodi ya saa mbili, ambayo huijaza diski ya GB 4.7, hugawanywa vipande vitano, kuanzia VTS_01_1.VOB hadi VTS_01_5.VOB. Lile la VTS_01_0.VOB, likiwapo, ni la menyu, nawe usilitie katika hesabu.

Deki haikukata pale ngoma ilipokwisha wala pale bwana harusi alipoingia, bali pale faili lilipojaa. Katika ile diski uliyonipa niitazame, mkato umeangukia katikati ya kigelegele cha bibi yako: nusu yake iko mwisho wa faili la pili, na nusu iko mwanzo wa la tatu. Ukikibadili kila kipande peke yake kuwa MP4, programu hulazimika kuianza sauti upya katika kila faili, na mara nyingi hutanguliza ukimya mdogo sana mwanzoni. Fremu, yaani zile picha mojamoja za video, zilizokatwa katikati nazo huweza kutupwa. Ukija kuvishikanisha vipande hivyo, kigelegele kitakatika, na huenda sauti ikaanza kuachana na midomo. Sauti ya bibi haipatikani kwingine kokote, na mimi ningependa itoke nzima.

Kwa hiyo, nakili folda yote ya VIDEO_TS kwenye diski ya kompyuta, kisha ufungue dirisha la amri la Windows (Command Prompt) ndani ya folda hiyo na uandike hivi, ukiendelea kuongeza majina mpaka kipande cha mwisho:

copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB+VTS_01_3.VOB harusi.vob

Usiisahau ile /b. Bila hiyo, amri huyachukulia mafaili kuwa ni maandishi, na huweza kukomea njiani inapokutana na alama ambayo kwake ni ya mwisho wa faili. Baada ya hapo, tumia ffmpeg, ambayo ni programu ya bure, kuliweka faili hilo ndani ya MKV, aina ya faili inayobeba picha na sauti pamoja, bila kugusa ubora wake:

ffmpeg -fflags +genpts -i harusi.vob -map 0:v -map 0:a -c copy harusi.mkv

Maneno "-c copy" yanaiambia programu inakili tu, isibane upya. Kama hupendi kuandika amri, programu ya MakeMKV huisoma folda nzima kwa kuzifuata zile IFO, ikaviunganisha vipande yenyewe na kukutolea MKV moja kwa kila rekodi. Kwa mtu anayeanza, hiyo ndiyo njia ninayoipendelea.

Jihadhari na jambo moja. Mafaili ya VTS_02 si mwendelezo wa VTS_01, bali ni rekodi nyingine ambayo saa yake ya ndani imeanza upya, na ukiyarundika pamoja kwa "copy" urefu utasomeka vibaya na sauti huweza kupotea njia. Fanya MKV ya kila rekodi, kisha uziunganishe kwa programu ya MKVToolNix, ambayo hurekebisha saa inapoongeza faili moja nyuma ya jingine. Itakubali iwapo tu rekodi hizo zinalingana. Baba yako alikuwa akirekodi kwa SP, yaani saa mbili kwa diski, lakini siku ya kupamba inaonekana aliitia kwenye LP ili saa nne zienee, na katika LP deki nyingi hupunguza picha kutoka piseli 720 kwa 576 hadi 352 kwa 576. Mbili hizo haziunganiki bila kubana upya. Ziache ziwe mafaili mawili.

Ukikuta folda ya DVD_RTAV yenye faili la VR_MOVIE.VRO badala ya VIDEO_TS, ujue diski hiyo ilirekodiwa kwa namna ya VR. Rekodi zote zimo ndani ya faili hilo moja. Linakili pamoja na IFO zake, na nakala ulipe jina linaloishia na mpg ili programu zilitambue.

Sasa ndipo uifungue MKV yako kwa programu ya HandBrake ili upate MP4 ya simu. Chagua H.264, ambayo ni njia ya kubana picha, na uweke RF, yaani kipimo cha ubora, kati ya 18 na 20, kwa kuwa namba ikiwa ndogo ubora huwa mkubwa. Sauti ibane kwa njia ya AAC. Hakikisha uwiano wa upana na urefu wa picha umebaki 4 kwa 3, la sivyo nyuso zitatoka nyembamba. Kubwa kuliko yote ni mistari. Kanda zetu ni za PAL: fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu imefumwa kwa nusu-picha mbili zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti. Kwenye skrini ya simu, kingo za kitu kinachokwenda hutoka na meno kama ya kitana. Watazame akina mama wanaocheza lelemama, mikono na viuno vikienda polepole pamoja. Ukitumia Bwdif, kichujio cha HandBrake cha kuondoa meno hayo, na kuchagua Bob, kila nusu-picha inakuwa fremu kamili, unapata fremu 50 kwa sekunde, na mwendo ule unabaki laini kama ulivyokuwa kwenye televisheni. Ukichagua njia ya kawaida utabaki na fremu 25, na nusu ya mwendo itakuwa imekwenda.

Usiifute ile MKV hata baada ya MP4 kupendeza. Kama flashi itakukatalia kuinakili ilhali ina nafasi tele, sababu ni kwamba imeumbizwa kwa FAT32, mfumo wa kupangia mafaili ambao haipokei faili la GB 4 au zaidi. Iumbize kwa exFAT, baada ya kuyatoa yaliyomo.

Zile diski mbili ambazo kompyuta inasema ni tupu huenda si tupu. DVD-R isiyofungwa na deki baada ya kurekodi, yaani isiyokamilishwa (finalize) ili isomeke kwenye mashine nyingine, husomeka hivyo. Usizifanyie lolote. Ukipata mtu mwaminifu anayekuja Mombasa mpe aniletee, kila moja ndani ya kasha lake gumu, pamoja na deki yenyewe na rimoti yake, kwa sababu deki iliyorekodi ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuzitambua na kuzifunga.

Nisalimie mama na dada, na wote wanaoniulizia.

Wasalaam,
Sahibu yako