Harambee ya Maonyesho ya Kuguswa

Ndugu wazazi, wahitimu na majirani wa shule yetu hapa Jinja,

Kamati ya maonyesho ya sanaa ya wanafunzi inawaalika kwa heshima kwenye harambee, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mara baada ya mkutano wa wazazi.

Waliohudhuria maonyesho ya mwaka jana watakubali kwamba yalichosha. Picha zilitundikwa juu ya vimo vya watoto, kila meza iliandikwa “Usiguse”, na wageni waliuzunguka ukumbi upesi wakaelekea kwenye chai. Msichana mmoja wa darasa la tatu aligusa lubugo kwa ncha ya kidole, akakemewa, na tangu hapo alitembea mikono ikiwa mgongoni. Lubugo, kama mjuavyo, ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likalainika. Kidole cha mtoto kingelifanya nini?

Mwaka huu tunataka mgeni apewe kazi ya kufanya. Katikati ya ukumbi italazwa amadinda, yaani marimba ya mbao, ya vibao 12 juu ya migomba miwili. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akigonga katika nafasi anayoachiwa na mwenzake, naye wa tatu hushika vibao viwili vya mwisho vya sauti ya juu. Kwa hiyo aliyekuja peke yake hataupata wimbo mpaka amwombe asiyemjua aketi mbele yake. Mbao za omweso, mchezo wa bao wa Uganda, zilizochongwa na darasa la sita, zenye mashimo 32 kila moja, zitachezwa badala ya kutazamwa, na lubugo litashikwa. Vyungu tu ndivyo vitakavyobaki nyuma ya kamba, maana mwaka juzi tulivunja viwili.

Gharama yote ni shilingi milioni 3 na laki 6, na sehemu kubwa ni ujira wa fundi wa amadinda, kwani kila kibao huchongwa kidogo kidogo huku kikisikilizwa mpaka sauti yake ikae sawa. Tumekwisha kuweka akiba ya milioni 1 na laki 4. Mweka hazina atapokea michango na kutoa risiti, hata kwa shilingi elfu moja.

Asiyejaliwa fedha lakini ana shamba, tunamwomba mgomba mmoja, uliokatwa asubuhi ya siku ya maonyesho.