Majani ya shamba la juu

Bayreuth, Ujerumani

Mama, shikamoo.

Nimepata ujumbe wako kwamba mvua imekata tena Februari hii, na mahindi ya shamba la juu yameanza kujisokota. Nimeusoma mara tatu. Nakuandikia kirefu kwa sababu hicho hasa ndicho ninachokisomea huku.

Jana niliamka saa tisa usiku. Tunapima kiu ya mahindi kabla hakujapambazuka, wakati jani limefunga vitundu vyake na kiu ya mmea imelingana na ya udongo. Nilikata jani la hindi, nikaliingiza kwenye chombo cha chuma, sehemu iliyokatwa ikachungulia nje kidogo. Nikafungulia gesi polepole, jicho kwenye kioo cha kukuzia, hadi pale penye kidonda pakalowa, tone likachomoza. Mmea ukiwa na kiu zaidi, ndivyo unavyohitaji msukumo mkubwa zaidi kulitoa tone hilo.

Mama, mwaka ule wa ukame ulijilaumu sana kwa kuchelewa palizi. Magugu hunywa maji, ni kweli, lakini udongo ule wa kichanga nao ulituumiza. Hindi halingoji udongo ukauke kabisa. Maji huwa bado yapo, pengine upana wa kidole tu kutoka kwenye mzizi, ila hayafiki upesi. Jua la mchana linavuta, mzizi unanyonya yaliyo karibu, na udongo unaouzunguka ndio unaotangulia kukauka. Kwenye kichanga njia za maji hukatika ghafla. Kwenye tifutifu hukatika taratibu. Jani hufunga vitundu kuokoa maji yaliyobaki, na kumbe ni kwa vitundu hivyohivyo linaingiza hewa ya kutengenezea chakula. Linakubali njaa lisife kwa kiu. Ukame ukilikuta linachanua, ndevu zinachelewa kutoka, mbelewele zinamaliza kumwaga unga wake, na gunzi linabaki mapengo. Ndiyo yale magunzi uliyonionyesha ukiwa umeyashika kwenye kanga.

Naomba unifanyie jambo moja. Pita shamba la juu saa saba mchana, kisha urudi kesho yake kabla ya jua kutoka. Majani yaliyojisokota mchana yakiwa yamenyooka alfajiri, mizizi bado inapata kitu usiku. Yakiwa yamejisokota mpaka alfajiri, hali ni mbaya. Nipigie siku hiyohiyo.

Msimu ujao mahindi yabaki bondeni, huko juu tupande mtama. Mizizi yake hushuka chini sana, jani lina nta, na mvua ikikata husimama kukua, ikirudi unaendelea. Najua utasema kwelea kwelea. Nitatuma hela ya kijana wa kuamia ndege tangu punje zinapoanza kujaa maziwa mpaka siku ya kuvuna.

Msalimie Baba na wadogo zangu. Nasubiri habari za alfajiri.

Mwanao akupendaye