Risala ya wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, habari za asubuhi.

Kwanza kabisa tunakushukuru sana kwa kuitikia mwaliko wetu, tunajua una majukumu mengi. Watu wakisikia tunasoma uhandisi wa vifaa tiba wanajua kazi yetu ni kufungua mashine za hospitali zikiharibika. Hiyo ipo na ni muhimu kweli, ila leo tunaomba tuongelee kuchora ramani ya ubongo na kurekebisha tishu, maana sisi tunaona ni kazi moja.

Mgeni rasmi, mwaka 1924 Hans Berger kule Ujerumani alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Ni hatua kubwa, lakini ni sawa na kusikia soko linavuma kwa mbali, hujui nani anamuuzia nani. Mwaka 1986 ikatoka ramani ya mnyoo mdogo mwenye nyuroni, yaani seli za neva, 302 tu. Halafu Oktoba 2024 ikatoka ya ubongo mzima wa inzi wa matunda, nyuroni 139,255 na viungio kati yake zaidi ya milioni 50, na hapa ndo panatugusa sana: kompyuta ilifuata nyuzi za nyuroni kwenye picha za hadubini lakini ilikosea mahali pengi, ikabidi watu wakae wasahihishe, wakiwemo wa kujitolea ambao si maprofesa, na ramani yenyewe iko wazi intaneti mtu yeyote anaisoma bure. Sisi wa binadamu tuna nyuroni kama bilioni 86, kwa hiyo safari bado.

Ramani inasaidia nini? Mwaka 2023 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walieleza habari za mtu aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya baiskeli, wakamwekea elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupokea na kupitisha umeme, juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza miguu na nyingine kwenye uti wa mgongo, vikaongea bila waya, akitaka kutembea anatembea. Bila kujua pa kuziweka, elektrodi zile zisingemsaidia kitu.

Ila lile ni daraja, kidonda chenyewe bado kipo. Kwenye ngozi tumefika mbali, tangu 1981 Burke na Yannas walipotibu walioungua kwa kiunzi cha kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, ambacho seli za mgonjwa zinaingia na kujijenga humo. Neva ya mkono nayo ikikatika inaota tena, kama milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 30 ni karibu mwaka mzima na misuli inasubiri huku inanyauka! Uti wa mgongo ndo mgumu kabisa, kovu linaziba njia na nyuzi za neva haziendi.

Changamoto yetu ni kwamba kompyuta tulizonazo zinakwama tukifungua hizo ramani, na inkubeta, kabati la kukuzia seli, tunayoazima haishiki nyuzi joto 37, mara mbili seli zetu zimekufa zote, wiki za kazi zimepotea. Tunaomba utusaidie kupata kompyuta mbili zenye memori ya kutosha na inkubeta moja ya kwetu.

Ukimaliza hotuba, tunaomba upite meza ya mwisho kule nyuma. Hadubini iko tayari, kuna seli za ngozi ya panya zimeanza kushika kwenye kiunzi tulichotengeneza wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.